Kidole cha Bakari Kwenye Karatasi Yangu

Kaa hapa kitandani, mwenzangu unayenisoma, maana kiti ni kimoja na nimekiwekea madaftari. Jina lako silijui, lakini nitakueleza kama ninavyomweleza mtu aliyekwisha kula kwangu na akaosha sahani mwenyewe. Niko edani. Mume wangu Bakari alifariki mwezi uliopita, na mpaka miezi minne na siku kumi itimie sitoki humu ila kwa dharura. Chumba kina dirisha moja linalotazama uani, na ni kwa dirisha hili, siku ya maziko, nilisikia neno lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya jeneza kunyanyuliwa imamu aliuliza kama kawaida: mwenye haki yake kwa marehemu aseme, na aliyekosewa amsamehe. Watu wakajibu tumemsamehe, tumemsamehe, kama wanavyojibu kila siku. Halafu ikaja sauti moja peke yake, nzito, ya mtu mwenye pumu. Ilikuwa ya Hamisi, aliyekuwa kepteni wa timu yao ujanani. Akasema, "Mimi nimemsamehe ile mechi. Mwenyezi Mungu naye amsamehe." Wazee wawili watatu wakaitikia amin. Vijana wakaulizana kwa sauti ya chini, mechi gani? Wifi yangu akanishika mkono, na jeneza likatoka uani na lile neno juu yake.

Mechi yenyewe ilichezwa mwaka wa tisini na nane, mvua za Elinino zilipokwisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mmoja, Salimu, ambaye meno ndiyo kwanza yanatoka. Tulikaa Msambweni, chumba cha nyuma katika nyumba ya ami yake Hamisi. Ukuta mmoja ulikuwa umekula maji mpaka fito zikaonekana, tukauzibia gunia. Bakari alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja Diani, lakini baada ya zile vurugu za Likoni wageni walikatika, hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, akaambiwa angoje nyumbani ataitwa. Alingoja mwaka mzima. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi bila kitu. Mchana nilichuma mtsunga nyuma ya choo, ile mboga chungu, nikaichemsha mara mbili kuitoa ukali, tukala na sima. Siku ya neema ilikuwa siku ya papa mkavu, kipande kama kiganja cha mtoto, na Bakari alisema ameshiba kabla hajashiba ili mimi ninyonyeshe. Ukutani tulisikia majirani. Kila mazungumzo yaliishia pale pale: nani ameitwa kazini, nani amesahauliwa, fulani amekwenda Mombasa na hajaleta salamu. Nikimtazama Bakari nilimwona anasikiliza akijifanya anakuna mguu. Hata sasa nikipita nyumba ya mtu nikasikia kimya cha namna ile, mume na mke wako macho na hakuna anayesema, najua humo ndani hakuna unga.

Mwaka huo huo ndipo nilianza masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, jioni mara tatu kwa wiki, katika darasa moja la shule ya msingi. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Wanza, mama wa Kikristo kutoka Ukambani, mnene na mcheshi, aliyejua kutucheka bila kutuumiza. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na watoto mgongoni. Alikuwa na kanuni moja tu ya kuandika Kiswahili: andika unavyosikia. Tukimuuliza neno fulani linaandikwaje alisema, "Wewe umesikia nini? Basi andika hicho hicho, usiandike unachotaka." Bakari alinionea fahari. Yeye Qurani aliisoma vizuri, tena kwa sauti ya kupendeza, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu kama babu zake. Herufi za shule ndizo hakuzijua. Alikuwa akilichukua daftari langu, analigeuza huku na huku, anasema, "Mama Salimu, haya ni maneno au ni sisimizi wamekufa?"

Basi hoteli moja ya Diani ikatangaza kuwa inafungua tena, na mwenyewe, mzungu aliyependa mpira kupita kiasi, akaweka mashindano. Timu itakayoshinda, wachezaji wake wote wataajiriwa pale, wawe timu ya hoteli ya kucheza kwa mshahara, na kazi za hotelini wapewe hao hao. Hebu fikiri maana ya neno hilo mwaka ule. Watu waliokuwa hawajagusa mpira tangu waoe walitoka kukimbia alfajiri pwani. Bakari alikuwa golikipa wa timu yetu tangu zamani, mrefu, mikono kama makafi. Alipenda kuwasimulia wenzake juu ya mgeni mmoja Mmarekani aliyemkuta bustanini, aliyesema kwao kuna mpira wa miguu unaoshikwa kwa mikono, na fainali yake refa akikosea nchi nzima huteta mpaka mwaka wa pili. Bakari akasema, "Mpira wa miguu kwa mikono? Basi kwao mimi ningecheza namba zote." Wakacheka wote. Huo ndio ulikuwa mzaha wake, na ulimwishia mwaka ule.

Tulifika fainali. Wapinzani wetu walikuwa vijana waliokuwa wakifanya kazi katika hoteli hiyo hiyo kabla haijafungwa, wengi wao watu wa bara, nao waliitaka kazi kama sisi tulivyoitaka. Wao walipanga Ukunda vyumba vya mabati na walikuwa wameuza mpaka magodoro. Lazima niliseme hilo, maana siku zile sisi hatukulisema. Uwanja ulikuwa wetu, Msambweni, na goli moja lilikuwa karibu na msikiti. Sasa sikiliza vizuri hapa, mwenzangu. Kwetu adhana ikilia mpira unasimama. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, hakuna aliyewahi kuisema. Mtoto anazaliwa anaikuta. Na wachezaji wetu walikuwa na desturi yao ya ziada. Muadhini wetu, Maalim Omari, kabla ya kuadhini alikuwa akipuliza spika, puh, puh, kuona kama ina moto. Anayesimama goli la upande wa msikiti ndiye pekee aliyeweza kuusikia mpulizo ule, basi kazi yake ilikuwa kunyoosha mkono juu, na wote wakiona mkono wa kipa wanasimama, adhana inawakuta wametulia. Miaka yote ilikuwa hivyo. Refa wa fainali alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Kwale kutoka bara, mtu wa haki kwa kweli, na katika kikao chote cha kabla ya mechi hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia habari ya adhana. Hatukumficha. Nani atamwambia mtu kuwa maji yanalowesha?

Mechi ilikuwa ianze saa kumi, iishe mapema kabla ya magharibi. Mgeni wa heshima akachelewa, tukamngoja juani, ikaanza inakaribia saa kumi na moja kasoro robo. Mimi nilisimama na wanawake nyuma ya goli la msikitini, Salimu mbelekoni, na kipindi cha pili Bakari alikuwa mbele yangu, mgongo wake karibu niuguse. Nyavu zilikuwa nyavu kuukuu za wavuvi. Bao lilikuwa moja kwa moja. Zimebaki dakika chache, mpira ukaangukia kwa Wafula, kijana wa bara aliyekuwa msaidizi wa jikoni. Wenzangu walikuwa wakipiga makelele ya kuwahimiza mabeki. Nikasikia puh, puh. Nikamwona Bakari ananyoosha mkono juu. Mabeki wetu wakasimama. Hata wawili wa timu ya hoteli, watoto wa Gazi, kijiji cha pwani kama chetu, wakasimama. Wafula alitazama huku, akatazama kule, hakusikia filimbi, akausukuma mpira taratibu, wala hakuupiga. Ukapita kando ya mguu wa Bakari ukaingia wavuni, ukaja ukagota kwenye kamba mbele ya tumbo langu. Ukatulia. Kisha Maalim Omari akasema Allahu Akbar.

Refa akaonyesha kati.

Sitakueleza fujo iliyofuata, wewe unaijua fujo ya mpira. Mzungu alisimama na kikombe mkononi hajui ampe nani. Siku ya pili tukasikia uamuzi: kamati ya mashindano itakaa Kwale siku ya Alhamisi. Ikithibitika kuwa adhana ilikuwa imeanza kabla ya mpira kuvuka mstari, fainali itarudiwa, kwa kuheshimu mji. Ikiwa adhana ilikuja baada, bao ni bao. Walitaka maelezo ya maandishi kutoka kwa watu wawili, kepteni na golikipa. Hamisi aliandika yake siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa katikati ya uwanja, hakusikia mpulizo wowote. Aliuona mkono, akasikia adhana, na alivyoviona yeye vilikuja pamoja. Hakusema uongo, na mpaka leo hajasema uongo. Lakini kamati ilitaka hasa neno la kipa. Bakari aliandika ukurasa mzima kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kama wa kitabu, akampelekea karani, na karani akamrudishia. Hawezi kuusoma. Alete kwa herufi za serikali.

Akarudi na karatasi nyumbani alasiri, mimi nachambua mtsunga kwenye ungo. Akakaa kizingitini. Akanisomea alichoandika, na kilikuwa kizuri, kilisema adhana ilikuwa imeshalia mara mbili Wafula alipougusa mpira. Nikaendelea kuchambua. Akasema, "Andika hivyo hivyo, mama Salimu. Wewe una mwandiko safi." Nikamuuliza alisikia nini. Hakukasirika. Alivua kofia akaiweka gotini, akasema alisikia puh. Alinyoosha mkono kama kawaida, na mpira ulikuwa umeshaingia Maalim alipofungua kinywa. Alijua. Alijua kama nilivyojua mimi. Ndipo akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada, ndogo, kama ya mtu anayeomba maji, "Ni kama pumzi moja tu, Mwanakombo. Pumzi moja ndiyo inatutenga na kazi. Watu ishirini na wake zao wanaingojea. Andika Allahu Akbar mbele ya mpira, basi."

Nilikuwa binti wa chuoni, chuo cha Qurani, mwenzangu. Ushahidi wa uongo nilifundishwa kuuogopa kabla sijafundishwa kufunga kanga. Na huu haukuwa uongo wa kawaida, ulikuwa kuchukua jina la Mwenyezi Mungu na kulisogeza mahali ambapo halikutamkwa, ili tupate kula. Nilitakiwa nimwambie hivyo usoni. Nilitakiwa niseme, sitaandika, mtafute mwengine. Lakini nilimtazama mbavu zake, nikamtazama Salimu anatafuna ncha ya kamba ya ungo. Nikaosha mikono, nikachukua daftari, nikachana karatasi ya katikati. Na nikaandika nilichosikia. Niliandika: mimi Bakari nilisikia spika ikipulizwa, nikanyoosha mkono, mpira ukaingia, adhana ikaja baada. Mistari minne. Sikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema, "Nimeandika." Akaniuliza kama yote yamo. Nikasema yote yamo. Nikampaka wino wa biro kwenye kidole gumba, nikakishika kidole kile mimi mwenyewe, nikakibonyeza chini ya maneno ambayo hakuweza kuyasoma. Alinibusu mkono. Akasema Mungu akikupa mke anayejua kusoma amekupa mali.

Nilisema kweli kwa kumdanganya mume wangu. Nimeswali swala ngapi tangu siku ile, na kila sijida neno hilo linakuja. Wanazuoni nimewauliza kwa mafumbo, nikisema kuna mwanamke fulani. Mmoja aliniambia yule mwanamke amefanya vizuri. Mwengine aliniambia amekhini amana. Nadhani wote wawili wamesema sawa.

Alhamisi tulipanda Kwale, na mimi nikafuatana naye, nikamwambia mtoto ana homa nataka kumpitisha hospitali. Uongo mwengine mdogo. Chumba kilikuwa na mabenchi mawili na dirisha lililotazama kibaraza. Nilisimama mlangoni na Salimu. Timu yetu ilikaa benchi la huku, timu ya hoteli benchi la kule, refa katikati kwenye kiti, amefunga tai. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaarabu, kila mtu alimwita bwana. Alisoma maelezo ya Hamisi, vijana wetu wakaguna kwa kukubali. Akafungua karatasi yangu. Akaisoma polepole, mistari minne, na kila mstari ulipotoka niliona benchi letu linageuka, kichwa kimoja kimoja, kumtazama Bakari. Bakari alitazama mbele. Mwenyekiti akavua miwani, akauliza, "Bwana Bakari, haya ni maneno yako?"

Hapo ndipo angeweza kuniangusha, na angekuwa na haki. Angesema, bwana, mimi herufi hizo sizijui, aliyeandika ni mke wangu na yuko pale mlangoni. Aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayetafuta mlango ulipo. Kisha akamrudia mwenyekiti.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Ni maneno yangu. Na kidole ni changu."

Mwenyekiti akamshukuru. Bao likawa bao. Nje, kwenye kibaraza, Hamisi alimngoja akamwambia mbele ya wote, taratibu, bila kupandisha sauti, kuwa angalau angewaambia, wasingepoteza nauli. Mwengine akauliza, "Wamekununua kwa kazi gani, ya bustani tena au safari hii utakuwa meneja?" Bakari akamchukua Salimu mkononi mwangu, akatangulia.

Kilichofuata kilikuja haraka. Ami yake Hamisi akasema anakitaka chumba chake. Dukani nilikuwa nikisalimia, "Shikamoo," na kuitikiwa marahaba kwa mdomo nusu. Msikitini walimpisha safu, lakini hakuna aliyemngoja viatuni. Vijana wa hoteli wakaajiriwa, na baada ya wiki mbili Wafula akatujia hodi na paketi ya sukari, amevaa sare mpya. Akasema amemwomba bosi wake, kuna nafasi moja ya bustani, na bosi amesema yule kipa mkweli aje hata kesho. Nilimtazama Bakari, na nakuapia niliona njaa usoni mwake kama unavyoona jino. Akamshukuru Wafula. Akamwambia hawezi. Akienda siku ile, kila mtu Msambweni atasema ndiyo haya malipo yake. Wafula hakufahamu, akaacha sukari akaenda zake. Hivyo ile kweli niliyoiandika ilimfungia mlango wa hoteli ile, na ikawa vigumu hata kubisha milango mingine. Tulihamia Kikoneni, tukalima muhogo katika shamba la watu. Mtoto wa pili nilimzaa huko, hakukaa hata siku arubaini. Sitaki kusema zaidi juu yake. Mwaka ukaisha.

Siku moja tu alilizungumza. Tulikuwa tunamenya muhogo mbichi, mvua ndogo inanyesha, na hakuinua kichwa. Akasema, "Ungeniambia, Mwanakombo. Ungenisomea tu ile karatasi. Labda ningekubali mwenyewe. Sasa hatutajua." Nikalia. Akanisogezea ungo akaniambia nimenye, mvua kubwa inakuja. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, kwa mapenzi, nisimsingizie, na hakulirudia tena. Nami sikumuuliza lile nililotaka kumuuliza: pale ofisini, aliposema ni maneno yangu, aliyasema kwa kuwa ni kweli, au aliyasema kwa kuwa aliniona mimi mlangoni na mtoto? Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumuuliza. Niliogopa jibu la kwanza kwa sababu lingemfanya mkubwa kuliko mimi, na la pili kwa sababu lingenifanya mdogo kuliko nilivyo.

Sasa nakuomba, mwenzangu, na sikuombi kwa ajili yangu. Mimi sitoki humu, na nikitoka wazee wale watakuwa wamepungua tena. Wewe unatembea. Ukipita Msambweni, ukipita Ukunda, ukikaa barazani mahali ukasikia wanamtaja kipa Bakari aliyeuza fainali, waambie hakuuza kitu, na hana la kusamehewa. Waambie maneno yale aliyaandika mkewe, yeye hakujua yaliyomo mpaka yaliposomwa, na alipoulizwa akayakubali kuwa yake. Mwambie na Hamisi, ukimkuta yu hai bado, umwambie kwa upole, maana naye hakusema uongo. Usiongeze neno, usipunguze. Na wakikuuliza kwa nini alikubali, waambie hata mkewe hajui.